UA LIKISHAKATWA: SAYANSI NA GHARAMA YA MAUA YA HARUSI

Miezi ya kiangazi inapowadia, baada ya pamba na mpunga kutoka mashambani, harusi huwa nyingi katika mji wa Shinyanga. Katika kata ya Ngokolo, ambako ndiko lilipo Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma, msafara wa maharusi siku ya Jumamosi si jambo geni. Nyuma ya kila msafara iko kamati ya harusi ambayo imekaa vikao wiki nyingi, daftari la michango likiwa mezani, ikigawa fedha za ndugu, jirani na wafanyakazi wenzi katika mafungu: chakula, vinywaji, ukumbi, muziki, mavazi, picha na mapambo. Maua huingia katika fungu la mapambo. Nayo yana sifa moja inayostahili kufikiriwa na kila mweka hazina: huanza kuharibika kabla ya kutumika, na mara nyingine kabla ya kulipiwa.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba kamati imeagiza mawaridi 200 kwa bei ya shilingi 1,000 kila moja, na kwamba usafiri umegharimu shilingi 40,000. Jumla ni shilingi 240,000. Ikiwa asubuhi ya harusi mawaridi 80 yamekutwa yameinamisha vichwa, yaliyobaki ni 120, na kila moja limeigharimu kamati shilingi 2,000. Gharama ya kila ua imepanda sana, wala hakuna mfanyabiashara aliyeipandisha. Kilichoipandisha ni joto, hewa na vijidudu. Bei zilizotajwa hapa ni za mfano tu, lakini hesabu yenyewe hubaki vile vile kwa bei yoyote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika maua daftari hilo lapaswa kuhesabu saa pamoja na shilingi.

Ua lililokatwa bado linaishi

Watu wengi hudhani kwamba ua likishakatwa limekufa, na kwamba kazi iliyobaki ni kuliweka ndani ya chombo cha maji ili lipendeze. Sivyo. Ua lililokatwa ni kiumbe hai kilichotengwa na mizizi yake. Seli zake huendelea kupumua: hutumia oksijeni ya hewani, huunguza sukari iliyomo ndani yake na kutoa kabonidayoksaidi, maji na joto. Petali zake huendelea kupoteza maji kama mvuke. Wakati likiwa mtini, sukari ilitoka kwenye majani na maji yalitoka mizizini. Sasa yote mawili yamekatika, na ua linaishi kwa akiba.

Ugumu wa petali na wa kikonyo hutokana na maji. Kila seli ni kama mpira uliojazwa maji ukakaza, na maelfu ya seli zilizokaza ndizo zinazoliwezesha ua kusimama wima. Maji yanayotoka yakizidi yanayoingia, seli hulegea na ua hunyauka. Kwa hiyo kuhifadhi ua ni kufanya mambo mawili: kuruhusu maji yaingie kwa urahisi, na kupunguza kasi ya matumizi ya akiba.

Adui wa kwanza: mishipa kuziba

Maji hupanda ndani ya shina kwa kupitia mishipa myembamba sana. Shina likikatwa na kuachwa wazi, hewa huvutwa ndani ya mishipa hiyo na kuacha viputo, navyo huzuia maji yasipite hata kama shina litatumbukizwa baadaye ndani ya ndoo iliyojaa. Hii ndiyo sababu waridi huweza kunyauka huku limesimama ndani ya maji. Dawa yake ni kulikata tena. Sentimita 2 au 3 za mwisho wa shina huondolewa kwa kisu kikali, shina likiwa ndani ya maji, na kwa mkato wa mshazari ili mdomo wa shina usikae bapa kwenye sakafu ya chombo. Mkasi butu haufai kwa kuwa huponda mishipa badala ya kuikata.

Bakteria nao huziba mishipa. Wao hustawi katika maji yenye majani yanayooza na utomvu wa mashina, na katika joto la Shinyanga huongezeka kwa kasi kubwa. Makundi yao na ute wanaoutoa huingia ndani ya mishipa. Dalili yake katika waridi ni shingo kupinda chini ya kichwa ilhali petali bado zina rangi nzuri. Hivyo majani yote ambayo yangezama majini hayana budi kuondolewa, vyombo visuguliwe kwa sabuni kabla ya kutumika, na maji yabadilishwe kila siku.

Adui wa pili: joto

Mawaridi mengi ya biashara katika Afrika Mashariki hukuzwa katika nyanda za juu zenye ubaridi, kama vile pembezoni mwa Ziwa Naivasha nchini Kenya na katika mkoa wa Arusha. Wakulima wakubwa huyahifadhi katika vyumba vyenye baridi ya nyuzi 2 hadi 4 za Sentigredi. Kutoka Arusha hadi Shinyanga ni safari ya mamia ya kilomita kwa njia ya Babati, Singida na Nzega, na boksi la maua lililowekwa katika buti la basi halina ubaridi wa aina yoyote.

Wataalamu wa fiziolojia ya mimea wamebaini kwamba, kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za joto, kasi ya upumuaji wa ua huongezeka mara 2 hadi 3. Kutoka nyuzi 4 hadi nyuzi 34 kuna ngazi tatu za nyuzi 10. Hata kwa kiwango kidogo cha mara 2, jawabu ni mara 8. Maana yake ni kwamba saa moja ndani ya buti lenye joto hula akiba ya ua sawa na saa 8 za chumba baridi. Safari ya siku nzima huweza kumaliza maisha ambayo yangalitosha wiki moja. Mnunuzi anayepokea boksi hilo amelipia wiki, lakini amepokea siku.

Ukavu wa hewa ya kiangazi huongeza hasara, kwa maana petali hupoteza maji upesi. Lakini ukavu huo huo unaweza kugeuzwa kuwa msaada. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka vitu vilivyo karibu. Lita moja ya maji ikikauka kwa namna hiyo huondoa joto la kutosha kupoza zaidi ya lita 50 za maji kwa nyuzi 10. Kanuni hii ndiyo inayoufanya mtungi wa udongo upoze maji ya kunywa. Mwalimu mmoja wa kaskazini mwa Nijeria, Mohammed Bah Abba, aliitumia kuanzia mwaka 1995 kuhifadhi mboga: mtungi uliwekwa ndani ya mtungi mwingine na mchanga mbichi ukajazwa katikati. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Kwa maua ya harusi yatosha kutumia chumba chenye kivuli na upepo, ndoo zilizopangwa sakafuni, na magunia yaliyoloweshwa kutundikwa dirishani upande unaotoka upepo. Magunia hayo yasiguse petali, kwa sababu petali zikilowa huota ukungu.

Adui wa tatu: gesi isiyoonekana

Mwaka 1901 mwanasayansi kijana wa Saint Petersburg, Urusi, aitwaye Dimitri Neljubow, alichunguza kwa nini miche ya njegere iliyooteshwa katika maabara ilikuwa ikipinda. Aligundua kwamba sababu ni gesi ya ethilini iliyokuwamo katika gesi ya taa. Mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kwamba matunda yanayoiva huizalisha gesi hiyo yenyewe. Leo inajulikana kwamba ethilini ni homoni ya mimea: huivisha tunda, na huzeesha ua. Ua la kanesheni hujikunja kama linalosinzia, na maua mengine hudondosha petali.

Elimu hiyo ina maana kubwa katika nyumba yenye harusi. Usiku wa kuamkia sherehe, stoo huwa imejaa ndizi mbivu, mapapai na maembe, na uani moto wa kuni unawaka chini ya masufuria ya pilau. Matunda yanayoiva hutoa ethilini, na moshi nao una ethilini. Kuyaweka maua katika stoo hiyo au karibu na jiko ni kuyazeesha kwa makusudi. Chumba cha maua kiwe mbali na vyote viwili, na maua yaliyokwisha kunyauka yaondolewe, kwani nayo hutoa gesi hiyo na kuyaambukiza mengine uzee.

Maji ya kuhifadhia na jaribio la chupa tatu

Maji mazuri ya kuhifadhia maua yaliyokatwa huhitaji vitu vitatu: sukari kidogo iwe chakula, tindikali kidogo ili maji yapande kwa wepesi, na dawa ya kuzuia bakteria. Katika lita moja ya maji safi hutiwa kijiko kimoja cha chai cha sukari, vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu, na kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki. Hapa pana tahadhari kubwa. Ndimu na jiki visikutanishwe kamwe kabla ya kutiwa katika maji mengi, kwa maana mchanganyiko mkali hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Kimoja kitiwe majini na kukorogwa, ndipo kingine kifuate, nje au penye madirisha wazi. Sukari peke yake bila dawa ina madhara kuliko faida, kwani itawalisha bakteria.

Kamati isiyoamini maneno haya inaweza kujipimia. Wiki mbili kabla ya harusi, zichukuliwe chupa tatu zilizooshwa vizuri. Ya kwanza itiwe maji matupu, ya pili maji na sukari peke yake, ya tatu maji yenye vitu vyote vitatu. Katika kila chupa yawekwe maua matatu ya aina moja, yaliyokatwa siku moja. Chupa zote zikae mahali pamoja, na kila asubuhi iandikwe ni maua mangapi bado yamesimama. Jaribio hilo hugharimu maua tisa, na laweza kuokoa mia.

Maua ya karibu

Huduma njema huokoa maua yaliyonunuliwa, lakini akiba kubwa zaidi hupatikana kwa kufupisha safari. Ua lililokatwa Ngokolo asubuhi ya harusi halikupanda basi wala halikulala njiani.

Bogonvilia iko katika nyua nyingi za mji na huvumilia ukame. Kile kinachoitwa ua lake kwa kweli ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vijibomba vidogo vyeupe vilivyo katikati. Kwa kuwa ni majani makavu kwa asili, hushika rangi hata baada ya kukauka. Udhaifu wake ni kwamba tawi lililokatwa hulegea upesi. Likatwe alfajiri, majani ya kijani yaondolewe, na tawi zima lizamishwe ndani ya maji kwa saa moja au zaidi kabla ya kupambiwa. Mpambaji avae glavu kwa ajili ya miiba.

Zinia, ambayo asili yake ni Meksiko, hupenda jua na joto, na huchanua takriban siku 60 hadi 70 tangu mbegu kupandwa. Familia yenye harusi katikati ya Septemba inaweza kupanda mwanzoni mwa Julai, na kurudia sehemu ndogo wiki moja baadaye kwa tahadhari. Tuta la mita 2 kwa mita 3, miche ikiachana sentimita 30, hubeba miche 60 na ushei. Mche mmoja ukitoa vichwa 5 tu, hayo ni maua 300. Maji yanayohitajika kiangazi ni kiasi cha lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 30 kwa tuta zima. Kwa siku 60 ni lita 1,800, au madumu 90 ya lita 20. Hesabu hii isifichwe: familia yenye bomba la maji ya Ziwa Viktoria uani itapata faida, lakini familia inayonunua kila dumu kwa mchuuzi yapaswa kulinganisha kwanza, kwani huenda maua ya tuta yakawa ghali kuliko ya dukani. Maji yamwagwe shinani na si juu ya majani, ili kuepuka ukungu. Ua huwa tayari kukatwa pale shina likitikiswa halipindi chini ya kichwa. Likipinda, liachwe siku chache zaidi.

Mapambo ya tatu hayahitaji maji kabisa, nayo ni vitumba vya pamba vilivyopasuka. Mkoa wa Shinyanga, na hasa wilaya ya Kishapu, ni nchi ya pamba, na karibu nao, kusini mwa jiji la Mwanza, ndipo kilipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilichozalisha aina za pamba zenye alama ya UK. Ua la pamba lenyewe halifai kwa shada, kwa maana huchanua likiwa jeupe, hugeuka waridi siku ya pili, kisha hudondoka. Lakini kitumba kilichopasuka hubaki cheupe kwa miezi. Kitumba kimoja hubeba takriban gramu 5 za pamba mbegu, hivyo vitumba 200 ni kama kilo moja. Hata mkulima akiongezwa malipo ya kukata matawi, na ni haki yake, gharama hubaki ndogo. Masharti ni mawili. Pamba isikae karibu na mishumaa, kwa maana huwaka upesi. Na baada ya harusi matawi yachomwe, yasitunzwe ndani wala kutupwa shambani, kwani funza wa vitumba huweza kujificha humo hadi msimu unaofuata. Mapambo ya siku moja yasije yakamtia hasara mkulima aliyeyatoa.

Jicho linaona nini

Si kila mahali panahitaji ua la gharama. Jicho zima la binadamu huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Kwa umbali wa mita 20, hiyo ni kama milimita 6. Mgeni aliyekaa nyuma ya ukumbi haoni mikunjo ya petali za waridi lililo jukwaani. Aonacho ni wingi wa rangi. Hapo bogonvilia, zinia, pamba na majani mabichi hutosha kabisa. Mawaridi yawekwe mahali ambapo jicho na kamera husogea karibu: shada la bibi harusi, ua la kifuani mwa bwana harusi, na meza yao.

Kwa mpango huo, kamati ya mfano wa hapo juu ingeweza kununua mawaridi 40 badala ya 200. Ikiwa hayo ni shilingi 40,000, usafiri shilingi 20,000, na mbegu, maji na vitumba shilingi 40,000, jumla ni shilingi 100,000. Zinabaki 140,000. Kila kamati itie bei za soko lake. Mpambaji asipunguziwe ujira, bali alipwe kwa ufundi wake badala ya kulipiwa maua yaliyokufa njiani. Nayo maua ya plastiki yana nafasi yake iwapo hukodishwa na kutumika mara nyingi. Yakinunuliwa kwa siku moja na kutupwa, hayana nafuu.

Maua yasiyofaa

Kutafuta maua ya karibu kusiwe sababu ya kuchuma lolote lionekanalo. Oleanda, ipandwayo mijini kwa uzuri wake, ina sumu kali katika majani, maua na utomvu. Ua la glorioza, lenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu kama ndimi za moto, lina sumu vile vile. Utomvu mweupe wa mnyaa huweza kudhuru macho vibaya. Haya yasiwekwe juu ya keki wala meza ya chakula, na wasipewe watoto wanaomtangulia bibi harusi.

Baadhi ya familia husita kupunguza gharama kwa kuogopa kuitwa bahili. Lakini wageni hawaioni risiti; wanaona kama maua yamesimama au yamelala. Harusi ikiisha, vichwa vya zinia vilivyoachwa tutani vikauke huweza kuchumwa na mbegu zake kuhifadhiwa ndani ya bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Mbegu za aina chotara huenda zisizae rangi zile zile, bali nyingine zitaota na kuchanua vizuri. Bahasha hiyo ikipelekwa kwa jirani atakayeoza mwaka unaofuata, kamati yake itakuwa imepata mchango wa kwanza kabla ya kikao cha kwanza.